FIDIA YA MFANYAKAZI NI DENI, SI SADAKA

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeitukuza damu ya mwanadamu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake wote.

Amma baad. Kuna jambo ambalo katika miji ya pwani limekuwa ni ada, na kwa kuwa limekuwa ada, watu hawalioni tena kuwa ni dhambi. Mtu huajiriwa kuchimba kisima, au kukata mawe machimboni, au kupandisha saruji ghorofani, au kupakua shehena ndani ya ngama ya meli. Asubuhi huenda kazini naye ni mzima, na adhuhuri huletwa amebebwa. Akifa, tajiri wake huja matangani na gunia la mchele, na sukari, na sanda, na shilingi elfu chache ndani ya bahasha, humshika mkono baba wa maiti akamwambia, "Tusubiri, mzee wangu, ni kadari ya Mungu." Watu wa barazani humsifu tajiri yule kuwa ni mtu wa kheri. Arubaini ikipita, mjane hubaki na watoto wake, na kisima kile hutafutiwa mchimbaji mwengine.

Hapana aulizaye: mchele ule ulikuwa ni sadaka, au ulikuwa ni sehemu ya deni? Kwani mtu anayedaiwa milioni akatoa elfu kumi kwa jina la sadaka, huyo hakutoa sadaka. Amezuia deni, na juu ya hayo amesifiwa. Hilo ndilo linalokusudiwa kubainishwa katika kurasa hizi: kwamba haki ya mfanyakazi aliyeumia kazini ni deni lililo shingoni mwa aliyemwajiri, na kwamba kumkinga asiumie ni wajibu uliotangulia deni hilo.

KADARI HAIONDOI DHIMA

Kwamba kila jambo limeandikwa, hiyo ni nguzo katika nguzo za imani, wala hapana Mwislamu anayeikana. Lakini kadari ni itikadi ya moyo, si risiti ya kufutia madeni. Na azingatie mwenye akili hukumu ya mtu aliyeua kwa kukosea. Amemlenga mnyama, mshale ukampata mtu. Huyo naye hakufikwa ila na lililokadiriwa. Juu ya hivyo Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 92, amemwajibisha kafara, na ameamuru dia ikabidhiwe kwa jamaa wa maiti ila wakisamehe wao wenyewe. Hakuachiliwa aende zake kwa kuwa ni kadari, wala haki ya kusamehe hakupewa yeye, wamepewa waliofiwa. Basi vipi leo tajiri hujisamehe mwenyewe, kisha huwataka waliofiwa waitikie amin?

Na Imam Bukhari amepokea khabari ya Seyyidna Umar (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata khabari kwamba huko kumeingia tauni. Alishauriana na watu, kisha akaazimia kurejea. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, na Seyyidna Umar akamjibu kwa maana ya kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mchunga mwenye ngamia aliyefika kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na moja ni kavu. Popote alishapo ngamia wake atakuwa amelisha kwa kadari, lakini hapana mchunga mwema anayewapeleka kwenye ukavu kisha akasingizia yaliyoandikwa. Na Tirmidhi amepokea ya yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila ya kumfunga na atawakali, naye akaamrishwa amfunge kwanza kisha atawakali. Ikiwa hayo ni juu ya ngamia, mtu anayeteremshwa kwa kamba ndani ya kisima cha pima kumi ana haki kubwa zaidi ya kufungwa kamba iliyo nzima.

HOJA YA KISIMA NA YA MAADINI

Wako wenye kusoma wanaoleta hoja iliyo nzito kuliko hiyo ya kadari. Husema: Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) amehukumu kuwa madhara ya mnyama, na ya kisima, na ya maadini hayana dia. Na Imam Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na watu wa pwani, katika kuisherehesha hadithi hii amesema kuwa mtu akiajiri wachimbaji, na mgodi ukawaangukia wakafa, hana dhamana juu yao. Basi tajiri wa kisima atadaiwa nini?

Hoja hii haifai kufichwa. Ikifichwa, tajiri ataisikia kwengine, na atadhani kuwa waliomnasihi walimdanganya. Na majibu yake ni matatu.

La kwanza, hukumu hiyo ni ya mtu ambaye hakufanya taadi, yaani hakuvuka mpaka wala hakudanganya. Wanazuoni hao hao wamesema kuwa mwenye kuchimba kisima katika njia ya Waislamu bila ya ruhusa, mtu akatumbukia, analazimika. Basi kisima si hirizi ya kumkinga kila mwenye kisima. Linalotazamwa ni kitendo cha mwenyewe. Na aliyeambiwa na fundi wa kwanza kwamba mchanga unameguka na ukuta hautasimama, akanyamaza, akamtafuta kibarua mgeni asiyejua, akamteremsha, huyo amemghuri mwenziwe. Abu Daud na Nasai wamepokea kwamba mwenye kujifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, akimdhuru mtu, dhamana ni yake. Na anayesimamia kazi ya khatari asiyoijua, akaamrisha wengine waingie, hayuko mbali na huyo.

La pili, Mwenyezi Mungu katika mwanzo wa Suratul Maida amewaamrisha waumini watimize mikataba, na Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa Waislamu hufungwa na sharti zao, illa sharti inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Maneno ya Imam Nawawi ni juu ya ujira ambao ndani yake fidia haikutajwa. Ama leo, mwenye kuajiri mtu Mombasa au Lamu, au Tanga au Dar es Salaam, huajiri chini ya sheria inayojulikana, iliyokwisha kusema kuwa mfanyakazi akiumia kazini atalipwa. Sharti hiyo imo katika mkataba hatta ikiwa haikutamkwa, kama vile lililo ada ya watu huwa ni sharti baina yao.

La tatu, hadithi imeondoa dia, haikuharamisha fidia. Si kila lisilolazimu kwa asili huwa ni haramu kulilazimisha kwa mkataba au kwa amri ya mtawala iliyo na maslaha ndani yake. Na ipo kaida kubwa iliyopokewa na Ibn Maja na Imam Malik, kwamba hapana kudhuru wala kulipana madhara. Mwenye kuchuma faida katika jasho la mtu, kisha madhara yote akamwachia mtu yule na watoto wake, amedhuru.

SHERIA INASEMA NINI

Zamani katika nchi za Ulaya mfanyakazi aliyekatika mkono kiwandani hakulipwa mpaka athibitishe kortini kuwa kosa ni la tajiri, naye hana fedha ya wakili. Ujerumani ilibadili jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1884, na Uingereza kwa sheria ya mwaka 1897, ikawa mtu hulipwa kwa kuwa ameumia kazini, si kwa kuwa ameshinda kesi. Kenya leo ina Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, nambari 13 ya mwaka 2007. Ilipingwa kortini kwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ilipoithibitisha mwezi wa Desemba 2019. Tangu hapo imekuwa wazi kwamba mlango wa kwanza wa madai si korti, bali ni kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Asiyeridhika na uamuzi wake ndipo hupinga, na baadaye huenda katika korti ya mambo ya kazi.

Na haya ndiyo yanayopasa kujulikana na kila mtu. Mwajiri analazimika kuwa na bima ya wafanyakazi wake. Gharama ya matibabu ya jeraha la kazini ni juu yake. Mfanyakazi aliyezuilika kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi hulipwa kadiri ya mapato yake mpaka asipite miezi 12. Akipata kilema cha kudumu, hisabu hufanywa juu ya mapato ya miezi 96, kwa kadiri ya kilema chenyewe. Na akifa, waliokuwa wakimtegemea hulipwa kwa mapato ya miezi 96. Basi mtu wa mshahara wa shilingi 15,000 kwa mwezi akifa kazini, haki ya watu wake ni kama shilingi 1,440,000. Na apime sasa mwenye mizani: gunia la mchele ni sehemu gani ya hiyo?

Ajali ya kifo hupasa kuarifiwa kwa mkaguzi wa serikali katika muda wa saa 24, na ajali nyengine kwa maandishi katika siku 7. Na dai lenyewe hupelekwa kabla ya kupita miezi 12. Hapo ndipo haki nyingi zinapofia. Tajiri husema, "Tuliza moyo, mambo yako nayashughulikia," na aliyeumia huona haya kumwandikia madai mtu aliyemletea maziwa hospitalini. Mwaka ukipita, maziwa yamekatika na haki imekatika.

Wala sheria haikumtenga kibarua. Humhusu kila aliyeajiriwa kwa ujira, hatta mwanagenzi anayejifunza kazi. Lakini imezuka hila ya kuwachukua watu kwa mkono wa wakala: anayefaidika na kazi husema, "Huyu si mtu wangu, ni mtu wa wakala," na wakala husema, "Mimi nilileta watu tu, mahali si pangu." Mtu mmoja aliyekuwa na wenyewe wawili asubuhi wakati wa kuamrishwa, jioni wakati wa kulipwa hana hatta mmoja. Na ajue mwenye hila hiyo kwamba Bukhari amepokea hadithi ambayo ndani yake Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa khasimu wao Siku ya Kiama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akapata kwake kazi kamili, na asimpe ujira wake. Mbele ya Khasimu huyo hapana wakala.

Upande wa Tanzania Bara jambo hili limepangwa kwa njia nyengine. Kwa sheria ya mwaka 2008 uliundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri wote huchangia humo, mshahara wa mfanyakazi haukatwi, na anayeumia hulipwa na Mfuko. Mpango huu hauko mbali na fahamu ya Waislamu. Dia ya kuua kwa kukosea tangu asili haikubebeshwa mtu mmoja, bali ilibebwa na jamaa zake kwa umoja wao. Na kwa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, tangu Seyyidna Umar alipopanga madiwani, watu wa diwani moja huchukuliana mzigo huo. Hekima yake ni kuwa msiba mzito ugawanywe mpaka uwe mwepesi, wala aliyefikwa asikose.

SHAKA YA BIMA

Hapa husimama Mwislamu mcha Mungu, tena kwa haki yake, akasema: bima ina gharari, na wanazuoni wameikataza. Ni kweli kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyoko Jidda mwaka 1985 ilihukumu kuwa bima ya biashara ni haramu. Lakini katika uamuzi huo huo ilisema kuwa bima ya kusaidiana, iliyojengwa juu ya kuchangiana na kuchukuliana, inafaa. Na katika Kenya bima ya takaful ipo tangu mwaka 2011. Basi mlango wa halali umefunguliwa, na aliyefungiwa mlango mmoja akafunguliwa wa pili hana udhuru wa kukaa nje. Lililo baya zaidi ni mtu anayekataa bima kwa jina la ucha Mungu, kisha akiulizwa ametenga nini badala yake kwa watu wake, akawa hakutenga kitu. Huyo hakuikimbia haramu, ameikimbia gharama.

KINGA KABLA YA FIDIA

Fidia hatta ikilipwa kamili haimrejeshei mtoto baba yake. Kwa hivyo sheria ya pili ya mwaka huo huo wa 2007, ya Usalama na Afya Kazini, imemwamrisha mwajiri atazame khatari za mahali pake kabla ya watu kuumia, na awape vifaa vya kujikinga bila ya kuwatoza. Na penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Mfanyakazi aliyeona khatari ya karibu akaondoka na kutoa khabari, hapasi kurudishwa pale hali ya kuwa khatari ingalipo.

Abu Daud amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) amesema juu ya mwenye kulala usiku juu ya dari isiyo na kizuizi, kuwa dhima imemwondokea. Tajiri asiifanye hadithi hii kuwa fimbo ya kumpigia mfanyakazi. Ikiwa mtu analaumiwa kwa kuihatarisha nafsi yake juu ya dari yake mwenyewe, lawama ya anayempandisha mtu mwengine juu ya ghorofa ya tano, kwenye jukwaa la miti mibovu lisilo na kizuizi, ni kubwa kuliko hiyo.

Na utaratibu wa kinga una daraja. Daraja ya kwanza ni kuiondoa khatari yenyewe. Kisha kuibadili kwa iliyo nyepesi. Kisha kuizuia kwa ukuta au uzio. Kisha kuwafundisha watu na kuwawekea nidhamu. Na mwisho kabisa ni kofia, glavu na mkanda. Watu wengi huanza mwisho na kuishia hapo hapo, wakadhani kuwa aliyegawa kofia amemaliza wajibu wake.

Na utazamwe mfano wa kisima, kwani ndicho kinachochukua watu wa pwani mara kwa mara. Pampu iliyokaa juu haivuti maji yaliyo chini zaidi ya mita 8 hivi; kwa hivyo mafundi huiteremsha pampu ya petroli ndani ya kisima. Moshi wake hujaa chini, na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulegea magoti, hukaa chini, na hainuki tena. Na katika mashimo ya choo na visima vilivyofunikwa siku nyingi, hewa njema huwa imekwisha bila ya moshi wowote. Vivyo hivyo ndani ya ngama za meli zilizobeba nafaka, au magogo, au makaa, au chuma chakavu, kwani vitu hivi hula hewa. Wazee walizoea kuteremsha taa, ikizimika, hawakuingia. Taa ikizimika, kweli ni onyo. Lakini ikiwaka si amani, kwani taa haijui sumu ile ya moshi.

Kisha huja msiba ulio mkubwa kuliko wa kwanza. Aliye juu humwona mwenziwe ameanguka, na kwa huruma hujitupa kumwokoa, naye huanguka. Huja wa tatu, huenda ni ndugu yao. Nyumba moja hutoka majeneza matatu. Mwenyezi Mungu ameitukuza kazi ya kuokoa nafsi moja kuwa ni kama kuwaokoa watu wote, lakini pia katika Suratul Bakara, aya ya 195, amekataza watu wasijitupe kwa mikono yao katika maangamizi. Anayeshuka bila ya hewa hamwokoi mtu. Huongeza hisabu ya maiti.

Basi kinga yake ni nini? Panapowezekana, kisima kichimbwe kwa mtambo, asiingie mtu hatta mmoja. Pasipowezekana, injini ya mafuta isiteremshwe kamwe. Itumiwe pampu ya umeme inayozama, na mtu asiwe ndani ya maji hali ya kuwa inafanya kazi. Hewa ipimwe kwa chombo chake, na hewa safi ipulizwe kwa bomba mpaka chini. Kuta za mchanga zitiwe pete za saruji kadiri kisima kinavyokwenda chini. Anayeshuka afungwe mkanda wa mwili na kamba, na juu wawepo watu wanaoweza kumvuta bila ya kuteremka. Hayo yote yana gharama, lakini ukiyaweka kando ya miezi 96 ya mapato, na kando ya nafsi ya mtu, utaona ni rakhisi.

MARADHI YASIYO NA KISHINDO

Si kila madhara huja kwa kishindo. Shirika la Kazi la Dunia katika makisio yake ya mwaka 2023 limesema kwamba kazi huua watu karibu 2,930,000 kwa mwaka duniani, na katika hao waliokufa kwa ajali ni kama 330,000. Waliobaki wamekufa kwa maradhi yaliyotokana na kazi. Maana yake, kwa kila mtu mmoja anayeanguka mbele ya macho ya watu, wapo kama wanane wanaokufa polepole majumbani mwao. Ni mpasua mawe aliyevuta vumbi lake miaka ishirini, na mpiga rangi, na mnyunyiza dawa za wadudu. Na wako wasiokufa lakini wamepungukiwa, kama aliyekaa kando ya mashine mpaka haisikii adhana. Maradhi ya kazi nayo yana fidia katika sheria, lakini tabibu hawezi kujua asiloambiwa. Basi mgonjwa na amwambie tabibu wake kazi aliyoifanya, na kwa muda gani, na iandikwe.

WAJIBU WA MFANYAKAZI

Haki haikutengenezwa kwa upande mmoja. Mfanyakazi aliyepewa mkanda akautundika kwenye msumari, na aliyeondoa kinga ya msumeno ili kazi iende mbio, na aliyepanda juu naye ametafuna mirungi usiku kucha, hao wamezidhulumu nafsi zao na za wenzao. Na yuko aliye muovu zaidi: anayejifunga kitambaa mkono usio na jeraha ili alipwe, au aliyevunjika mguu katika mpira akasema ameangukiwa na gunia. Mtume (s.a.w.) amemtoa mdanganyifu katika mwenendo wa watu wake, na aliyekula fidia ya uwongo amekula haramu, na zaidi ya hayo amewaharibia wakweli, kwani baada yake kila aliyeumia hushukiwa.

Lakini tajiri asiuchukue udhaifu wa wachache akaufanya ngao. Sheria haimnyimi haki mtu kwa kuwa alighafilika, na mja hukosa kwa kuwa ni mja. Na Mtume (s.a.w.) alipomwusia Abu Dharr juu ya walio chini ya mikono ya watu, alikataza wasibebeshwe wasiyoyaweza, na wakibebeshwa wasaidiwe. Mtu aliyefanyizwa zamu mbili mfululizo, akasinzia, akakosea, ni nani wa kwanza kuulizwa?

MALI YA YATIMA

Fedha ikipatikana, huja mtihani wa mwisho, nao hautoki kwa tajiri bali hutoka nyumbani. Ami hujitokeza akasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Hupokea, hununua pikipiki, hulipa deni lake la dukani, na mjane huambiwa asubiri. Fedha ile imewekewa waliokuwa wakimtegemea marehemu. Na Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 10, amewaonya wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma kuwa wanakula moto matumboni mwao. Mwenye kusimamia na asimamie kwa maandishi na mashahidi, na mjane ajue idadi kamili ya kilichoingia.

KHATIMA

Na liwe neno la mwisho kwa watu wa msikiti na wa baraza, kwani wao ndio walio pembeni mwa jeneza. Katika kila matanga ya mtu aliyefia kazini, pamoja na khitima na ubani, na ainuke mtu mmoja mwenye kujua kuandika, amwulize tajiri kwa adabu mbele ya mashahidi: ajali hii imeandikishwa? Bima yake iko wapi? Dai litapelekwa siku gani? Kisha aandike tarehe ya kifo katika daftari, na ahisabu miezi 12, na asimwache mjane ahisabu peke yake. Hilo si kumvunjia tajiri hishima. Ni kumwokoa na khasimu asiyeshindwa, na ni kumpa nafasi ya kulipa deni lake hapa duniani kwa shilingi, kabla ya kulipa kule ambako hapana shilingi, ila mema yake yatakayochukuliwa.

Na tajiri anayekusudia kutoa mchele, na autoe, Mungu atamlipa. Lakini alipe deni kwanza, na sadaka ifuate nyuma.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa wakitafuta riziki ya halali, awape subira waliobaki, na aziamshe nyoyo zilizolala. Wabillahi taufiq.